Bati Lisilopakwa Mawese

Katika Rumonge hakuna chuma kisichonuka mawese. Panga jipya linapakwa mawese kabla halijagusa jani. Mnyororo wa baiskeli unapakwa. Bawaba za mlango, kufuli la duka, sufuria iliyotoka sokoni leo, jembe linalongoja mvua, vyote vinapakwa, na mwenye kubisha aje anuse. Kwetu michikichi imejaa toka barabarani mpaka milimani, mafuta hayatukaukii nyumbani, na kutu tunaiogopa kwa sababu ziwa liko hapo chini na unyevu wake haulali. Basi tunapaka. Mtoto akizaliwa anapakwa, bati likikunjwa linapakwa.

Mimi ni fundi bati, tena mwanamke, na siombi radhi kwa lolote kati ya hayo mawili. Wapo wanaofika kwenye kibanda changu karibu na soko, wananiona nimeshika mkasi wa bati, halafu wananiuliza, "Fundi iko wapi?" Ninawajibu kwamba fundi amekwenda kuoa, wangoje. Wakichoka kungoja ninawapimia.

Kazi nilifundishwa na baba. Alitengeneza taa za wavuvi, ndoo, karai, mabirika na masanduku ya safari, na jina lake lilijulikana toka Minago mpaka huko chini kwenye mpaka. Siku hizi mikono inamtetemeka, hashiki tena chuma cha moto, lakini bado anakaa mlangoni pa kibanda na kunitazama, na macho yake hayatetemeki hata kidogo. Kitu kikimalizika, kabla mteja hajakichukua, baba ananyoosha kidole kwenye kopo la mawese. "Mutoto yangu," ananiambia, "bati bila mawese ni bati bila nguo. Wewe unaweza kumutoa mutoto nje bila nguo?"

Hayo ndiyo niliyolelewa nayo. Kwa hiyo nielewe msomaji, ilinichukua muda kutambua kwamba mawese ndiyo yaliyokuwa yanataka kumrudisha dada yangu Tanzania.

Dada ni mkubwa kwangu kwa mbali. Watu walipokimbia vita mimi nilikuwa mtoto mchanga, mama alikuwa ametutoka, na shangazi alikuwa anavuka kwenda Kigoma. Baba alimkabidhi shangazi dada aende naye. Mimi nilikuwa mgonjwa, akaogopa nitafia njiani, akabaki nami. Kabla hawajaondoka alimtengenezea dada sanduku la bati, lile bati zito la zamani, lenye mikunjo iliyopigwa kwa nyundo ya mbao na komeo la shaba. Akalipaka mawese ndani na nje. Walisema wanaachana kwa muda mfupi. Dada akakulia kule, akaolewa kule, akazaa kule, akamzika mume wake kule, ndipo akarudi, na watoto wawili na sanduku lile lile kichwani.

Aliponikuta nilikuwa mwanamke mzima mwenye kibanda chake, na sikuwa nimewahi kuwa na dada. Wiki ile ya kwanza tulipimana kama kuku wawili uani. Yeye alikuwa na Kiswahili cha Tanzania, kimenyooka, kimepigwa pasi. Mimi nina hiki chetu. "Iko, iko, iko," akanicheka. "Watu wa Rumonge mkinyang'anywa hiyo 'iko' mtakuwa mabubu." Nikamwambia, "Na wewe ukinyang'anywa 'naomba' utakufa na njaa dukani." Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimpenda palepale. Nalisema sasa wazi kwa sababu wakati ule sikulisema, nilimtumia tu birika jipya.

Alipanga nyumba ndogo upande wa ziwani, si mbali na kwa baba. Nyumba ilikuwa na kila kitu isipokuwa jambo moja: nguo hazikutoka sandukuni. Anafua, anaanika, anapiga pasi, anakunja, anazirudisha ndani na kufunga komeo. Hata kanga ya kulalia. Hata sare za watoto za shule. Nilimwambia nitamtengenezea kabati la bati, zuri kabisa, lenye milango miwili. Akasema hapana, asante, sanduku linatosha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya dada niliiona kila nilipoingia chumbani kwake, iko pale chini ya dirisha, imefungwa komeo.

Alianza biashara ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani ambao kwao Kigoma anawaita dagaa. Asubuhi anashuka ufukweni mitumbwi inapoingia, ananunua wabichi, anawaanika kwenye vichanja. Kiangazi kazi hiyo inafanywa na jua, binadamu anafukuza bata tu. Lakini mvua zikianza, jua linachungulia na kuondoka, na ndagala hawasubiri mtu. Mvua za mwaka wake wa kwanza zilimwozea karibu samaki wote. Nilimkuta anawamwagia bata, karai baada ya karai, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyopenda.

"Mvua zijazo zikinifanyia hivi tena, mdogo wangu," akasema, "narudi Kigoma. Shangazi ana chumba. Sitakaa hapa kula jasho lako na la mzee."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Angalilia ningejua la kumwambia. Nikamjibu kwa ukali, maana ndivyo nilivyo nikiogopa: "Hutarudi popote. Nitakujengea nyumba ya ndagala, na mvua inyeshe mpaka ichoke yenyewe."

Nikajenga. Si kwa kujisifu, ingawa kujisifu si dhambi mtu akiwa amefanya kazi: ilikuwa nyumba nzuri. Kuta za matofali ya udongo, urefu wa kufika kifuani. Chini ni shimo la moto, na tunachoma maganda ya kokwa za chikichi, yana joto kali na moshi kidogo. Juu ya moto ni trei za waya, moja juu ya nyingine. Juu kabisa ni mfuniko wa bati bapa uliolala mshazari, ili mvua ya nje iteremke. Na kwa ndani, kwenye ukingo wa chini wa mfuniko, nikatia mfereji mdogo. Maana nilijua samaki mbichi ana maji, na maji yakipata moto yatapanda kuwa mvuke, mvuke utagonga bati lililopozwa na mvua, utageuka kuwa maji tena. Maji hayo yatafuata mteremko, yataingia mferejini, mfereji utayatoa nje. Kichwani mwangu yalifuata vizuri sana.

Tulipomaliza, baba alikuja mwenyewe na kopo lake. Akakaa juu ya tofali akituelekeza. Tukaupaka mfuniko mawese nje, tukaupaka ndani, tukaupaka pembeni, mpaka bati likawa na rangi ya machungwa na mikono yetu pia. Baba akasema, "Sasa iko tayari." Dada akasema, "Inshallah." Mimi nilikuwa nimeshiba fahari.

Mvua ya kwanza ilinyesha kutwa nzima. Tulijaza trei, tukawasha moto, tukafunika. Tulipofunua, ule upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa umejaa matone toka mwanzo mpaka mwisho. Matone manono, ya duara, kila moja limeng'ang'ania mahali pake kama shanga, halimjui mwenzake. Nilipogusa ukingo, yote yakadondoka kwa mpigo mmoja juu ya trei ya juu. Na ilionekana si mara ya kwanza kudondoka. Ndagala wa trei ile walikuwa wamevimba, wamelegea, na wananuka. Trei ya chini yake nayo ilikuwa na madoa. Nikatia kidole kwenye mfereji wangu. Ulikuwa mkavu. Kidole kilitoka na vumbi.

Nani alijua sababu? Baba alijua. "Mawese hayakutosha," akasema. "Bati iko na kiu bado." Na mimi, fundi mzima, nikachukua kopo nikaongeza. Nilisugua mafuta ndani ya mfuniko ule kama ninayemkanda mgonjwa. Tulipowasha moto tena, matone yakawa makubwa zaidi na yakaanza kudondoka mapema zaidi. Mkamia maji hayanywi, lakini mimi niliyakamia na yakaninyeshea kichwani.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bujumbura aliyezoea kuchukua ndagala wa dada. Alikuja sokoni, akachota kiasi kwenye kiganja, akajaribu kuvunja mmoja, hakuvunjika, alipinda. Akanusa. Akawarudisha taratibu mahali pake, akasema, "Murakoze," akaenda kwa muuzaji wa pili. Ile asante yake ya Kirundi iliniuma kuliko tusi. Tusi ningelijibu.

Siku hiyo nilimkuta dada anakunja sare za watoto na kuzipanga sandukuni, na anawauliza kama wanakumbuka nyumba ya shangazi ilikuwa na mlango wa rangi gani. Nilitoka bila kuaga. Nilikwenda moja kwa moja uani, nikasimama mbele ya mfuniko, na nilitaka kuupiga nyundo. Kitu kimoja tu kilinizuia: kwamba ningelazimika kuunyoosha mwenyewe.

Sasa sikia jinsi ilivyokuwa. Dada anatengeneza sabuni yake mwenyewe, kama wanawake wengi wa kwetu, kwa mawese na maji ya majivu. Majivu ya maganda ya ndizi unayaloweka, unayachuja, unapata maji makali yanayoteleza vidoleni na kuuma penye kidonda. Alikuwa ameuondoa mfuniko juu ya nyumba ya ndagala na kuulaza juu ya matofali, tumbo juu, ili utoke harufu. Akapita na chungu chake cha maji ya majivu, mguu ukagonga tofali, yakamwagika kwenye pembe moja ya bati. Akachukua mchanga na nyuzi za chikichi, akasugua pale, akamwagia maji, akaendelea na sabuni yake. Hakuniambia. Angeniambia nini? Kumwaga ni kumwaga.

Tulipowasha moto safari iliyofuata, nilikwenda kufunua bila hamu, kama mtu anayekwenda kupokea habari anazozijua. Matone yalikuwepo yote, yamenona. Lakini pembe moja haikuwa nayo. Nikafikiri moto haukufika upande ule. Nikaweka kiganja pale, kiganja kikalowa chote. Maji yalikuwepo, mengi tu, ila yalikuwa yamelala juu ya bati kama kitambaa chepesi, hayana tone hata moja, na yanateremka. Nikainama kutazama mfereji. Chini ya pembe ile, na pale tu, mfereji ulikuwa unatiririka. Nikachukua ndagala mmoja aliyekuwa chini yake. Alivunjika kwa sauti.

Nilikaa juu ya matofali. Nilikuwa na furaha na hasira, sijui ipi ilitangulia. Kila mwanamke aliyewahi kuosha sahani anajua jambo hili. Sahani yenye mafuta, maji yanakusanyika juu yake vidonge vidonge. Sahani iliyosuguliwa kwa majivu, maji yanaivaa yote. Nimeosha sahani toka utotoni, nikajua hilo jikoni, na sikuwahi kulivusha barabara kulipeleka kibandani. Mafuta yanayafukuza maji, maji yanajikunja kuwa matone, tone likinenepa linadondoka. Bati lisilo na mafuta, tena lililokwaruzwa kidogo na mchanga, linayashika maji na kuyatandaza, na maji yaliyotandazwa hayadondoki, yanafuata mteremko. Mfereji wangu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni nguo tuliyoivisha bati.

Nikamwita dada. "Hapa ulifanya nini?"

"Nilimwaga maji ya majivu. Nisamehe, nilidhani nimesafisha."

"Nikusamehe nini? Mwaga tena. Mwaga kote."

Tatizo lilikuwa baba. Nilipomwambia kwamba nitatoa mawese ndani ya mfuniko kwa majivu, alinitazama kama nimesema nitakwenda sokoni uchi. Akasema, "Nimewapaka nyote. Sanduku ya dada yako ilikwenda Kigoma, ikakaa kule miaka yote, ikarudi. Umeona kutu ndani yake? Hata doa? Unajua kwa nini?"

"Najua, baba."

"Hujui," akasema, akaondoka. Kiti chake kikabaki kitupu mlangoni pa kibanda. Wateja wakaniuliza mzee iko wapi, na sikuwa na utani wa kuwajibu.

Mimi ni mbishi. Nikatengeneza mfuniko mwingine, na kwa kiburi changu nikaona maji ya majivu ni mambo ya jikoni, nikaenda kununua soda ya watengeneza sabuni wa sokoni, ile kali. Bati lilitoa povu kama nimelichoma. Maji yalitandaa juu yake kwa uzuri wa ajabu, nikaimba. Baada ya muda kidogo likaota unga mweupe, na nyuma ya unga ikaja kutu, nyekundu kabisa, mawaa mawaa. Soda ilikuwa imekula ile ngozi ya zinki inayolilinda. Sijui nani alimwambia baba, lakini alifika. Akalitazama bati, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Iko imepona sasa?" Halafu akacheka, mzee yule, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Nilikasirika, lakini kusema kweli nilifurahi kumwona mlangoni.

Basi nikarudi kwenye majivu, na safari hii kwa adabu. Maji ya majivu yaliyochujwa, ya uvuguvugu, si ya moto. Mchanga mwembamba wa ufukweni uliopepetwa. Unasugua kwa nyuzi za chikichi kufuata mteremko, toka juu kwenda chini, ili mikwaruzo yote ielekee mferejini. Unaosha, unasugua tena. Kisha unainamisha bati na kumwaga kikombe cha maji safi juu yake, na unatazama. Maji yakishuka yametandaa bila kupasuka, umemaliza. Yakipasuka mahali, pale pana mafuta. Siku moja nilikula mihogo na mboga za mawese mchana, nikashika bati kabla sijanawa vizuri, na nilipomwaga maji yakakwepa mahali pamoja padogo. Nilipotazama vizuri ilikuwa alama ya dole gumba langu.

Ndipo nikaugawa ule mfuniko wa kwanza sehemu mbili, baba aone kwa macho yake. Nilipiga mstari katikati. Upande wa kushoto, kwa ndani, niliupaka mawese kama baba anavyotaka. Upande wa kulia niliusugua kwa majivu. Nje niliupaka mawese wote, kushoto na kulia, kwa sababu nje ndiko tunakotaka maji yakatae kukaa, yabingirike na vumbi na moshi yaende zake. Nikasubiri mvua. Dada naye alisubiri. Alikuwa ameshamtumia shangazi salamu kwamba huenda akaja, hilo nilijua kwa watoto, si kwake.

Mvua ilikuja na ngurumo toka upande wa Kongo, ikakaa. Tulijaza trei, tukawasha. Baba alifika bila kuitwa, amejifunika gunia la nailoni kichwani. Akasema amekuja kuwaona wajukuu. Wajukuu walikuwa shuleni, na alikuwa anajua.

Tulipofunua nilimwachia nafasi yeye atangulie. Kushoto matone, yamening'inia, yamenona. Kulia bati lilikuwa linang'aa, limelowa lote, halina tone. Baba aliingiza mkono wake unaotetemeka chini ya upande wa kushoto, na ule mtetemeko ulipogusa bati, matone yakamnyeshea mpaka kwenye kiwiko. Akauhamisha upande wa kulia. Akauacha pale. Akasikiliza mfereji, maana ulikuwa unasikika. Dada alikuwa amesimama nyuma yetu na mikono kifuani.

"Nje ubakize," baba akasema hatimaye.

"Nje nimebakiza, baba."

"Basi." Akajifuta mkono kwenye shati, akaomba chai.

Kesho yake kiti chake kilikuwa mlangoni, naye juu yake, ananikosoa jinsi ninavyokunja ukingo. Sikuwahi kufurahia kukosolewa kama siku ile.

Ningependa kusema mambo yalinyooka toka hapo, lakini bati halina heshima namna hiyo. Niliusugua na ule upande wa kushoto, lakini baada ya kuwasha mara kadhaa matone yalirudi, hata upande uleule niliousugua kwanza. Niliona nimemwahidi dada kitu ambacho sikuwa nacho, na mvua zilikuwa bado nyingi mbele yetu. Dada ndiye aliyepitisha kidole kwenye bati, akakisugua na dole gumba, akakinusa. "Mdogo wangu," akasema, "ndagala wana mafuta. Joto linayapandisha. Wanalipaka bati wenyewe, kama baba." Tulitazamana, tukacheka kama wehu. Toka hapo ikawa desturi: kila kabla ya siku ya soko mfuniko unashushwa, unasuguliwa kwa majivu na mchanga, unajaribiwa kwa kikombe cha maji. Hakuna asiyesugua. Hata mimi nikipita kusalimia, napewa nyuzi za chikichi kabla ya kupewa kiti.

Yule mama wa Bujumbura alirudi. Akachota, akavunja, akanusa. Dada alikuwa anatazama pembeni, anajifanya anahesabu mitumbwi. Yule mama akasema, "Wengine iko wapi?" Dada akanigeukia akiwa na ile sura yake ya kuchokoza, na kwa mara ya kwanza akajibu kwa lugha yetu: "Iko nyumbani."

Lakini nguo zilikuwa bado sandukuni. Nilichungulia kila nilipoingia, sioni haya kusema. Mvua zilifika katikati, ndagala wanakauka, watoto wameanza kugombana kwa Kirundi, na komeo bado limefungwa. Sikumwuliza. Mimi ninayewajibu watu kabla hawajamaliza swali, sikuthubutu kumwuliza dada yangu swali moja. Nilisema moyoni, akijibu vibaya nitafanya nini? Afadhali kukaa bila kujua, nikisugua bati.

Kazi ikaongezeka mpaka nyumba moja haikutosha. Dada akataka ya pili, na majirani wawili wakataka wachangie. Kuta hazikuwa shida. Shida ilikuwa mfuniko. Bati la siku hizi ni jepesi, unalisugua kwa majivu msimu mmoja unaanza kuona mwanga upande wa pili. Nilitaka lile zito la zamani. Nilitafuta Rumonge nzima, nikaulizia Minago, nikaagiza Bujumbura, wakaniletea la kung'aa ambalo lilipinda kwa upepo. Nikamwambia dada angoje, litapatikana. Akaniuliza, "Zito kiasi gani?" Nikamjibu bila kufikiri, "Kama la sanduku lako." Nikaona nimekosea kulitaja, nikaongea habari nyingine.

Asubuhi moja nilikuwa ninakata mdomo wa ndoo, baba kitini kwake mlangoni. Nikasikia anasogeza kiti. Dada alikuwa anakuja barabarani na sanduku kichwani, amelishika kwa mkono mmoja. Mkasi ulinidondoka. Nilimtafuta kwa macho mtu wa kumbebea mizigo mingine, nikatafuta watoto waliovaa viatu vya safari, nikajiandaa kupiga kelele za kumzuia mbele ya soko zima, na aibu ingekuwa yetu sote.

Akalitua mbele ya miguu ya baba. Lilipogusa ardhi lilitoa mlio wa kitu kitupu.

"Bati zito ni hili," akaniambia. "Kata."

Nikauliza, "Na nguo?"

"Nimepiga misumari ukutani. Kila mtu na msumari wake."

Nilichukua mkasi, nikainama, nikashindwa kuanza. Mikunjo ile ilikuwa ya baba, imepigwa alipokuwa na mikono mizima, haina hata mahali pa kuingiza ukucha. Nikamtazama yeye, maana bila ruhusa yake nisingeligusa. Alikuwa amefungua komeo na kuinamisha uso ndani ya sanduku, ananusa. Mimi nilisimama mbali kidogo na bado niliyasikia: mawese yale ya siku ile, yalikuwa humo bado. Akapitisha kiganja chini, pembeni, kwenye kona, taratibu, akitafuta kutu. Hakukuwa na kutu. Dada alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa sanduku, na mkono wa baba ulipofika upande wake akaushika, na wakakaa hivyo, mkono ukitetemeka ndani ya mkono.

Kisha baba akajifuta macho kwa kofia, akaketi sawasawa, akanigeukia kwa ile sauti yake ya kunikosoa.

"Unangoja nini?" akasema. "Lete majivu."